Solomon Carter Fuller: Mwafrika Aliyeuchunguza Ubongo

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba akili ni mali. Lakini mali hii huwekwa wapi? Huwekwa ghalani, na ghala lenyewe ni ubongo. Paa la ghala likivuja au panya wakiingia, mali huharibika hata kama mwenyewe alikuwa tajiri wa kupindukia. Katika toleo hili, wapenzi wasomaji, ningependa tuyatazame maisha ya daktari mmoja aliyetumia miaka yake mingi kulichunguza ghala hilo ili ajue huharibiwa na nini.

Ukiuliza darasani ni nani aliyegundua ugonjwa wa Alzheimer, yaani ule ugonjwa wa wazee wa kusahau kila kitu mpaka majina ya watoto wao, mwanafunzi hodari atakujibu kuwa ni Mjerumani aitwaye Alois Alzheimer. Hajakosea. Lakini je, wangapi wetu wanajua kwamba katika maabara ya huyo Mjerumani alikuwamo kijana Mwafrika, mzaliwa wa Liberia? Kijana huyo ndiye baadaye aliyewaeleza madaktari wanaosoma Kiingereza ugonjwa huo ni upi. Jina lake ni Solomon Carter Fuller.

UTOTO WAKE

Fuller alizaliwa tarehe 11 Agosti 1872 mjini Monrovia, nchini Liberia. Kama tulivyofunzwa katika somo la historia, Liberia ni nchi ambako watu weusi wengi kutoka Marekani walihamia katika karne ya 19. Babu yake mzaa baba alikuwa mtumwa huko Virginia, Marekani. Mzee huyo alijikaza akafanya kazi, akajinunulia uhuru wake kwa pesa zake mwenyewe, kisha mwaka 1852 akavuka bahari na jamii yake kwenda Liberia. Baba yake Fuller alikuwa mkulima wa kahawa na pia afisa wa serikali. Naam, kahawa, kama hii tunayoichuma kwenye miteremko ya Mlima Kenya! Wazazi wa mama yake walikuwa wamisionari na waganga wa hospitali, na inaaminika kwamba huko ndiko kijana huyu alikoipatia hamu ya kutibu watu.

Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 17 hivi, yaani rika la wengi wetu hapa shuleni, Fuller alipanda meli peke yake kwenda Marekani kusoma. Alijiunga na Chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, jimbo la North Carolina, akahitimu mwaka 1893. Kisha akaanza masomo ya udaktari huko Brooklyn, na baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Boston ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1897.

Hebu tufikirie kidogo. Mwaka 1897 reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika Nairobi, na Nairobi yenyewe haikuwa mji. Nayo Marekani ilikuwa nchi ambayo mtu mweusi alitengwa shuleni, garini na hata kanisani. Katika hali hiyo kijana wa Monrovia alisimama na kuitwa daktari.

KAZI YA HOSPITALINI

Baada ya kuhitimu, Fuller alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili iliyokuwa Westborough, jimbo la Massachusetts. Muda si muda akafanywa mkuu wa uchunguzi wa maabara. Hapo alikaa kwa zaidi ya miaka 20.

Kazi yake haikuwa ya kupendeza. Mgonjwa alipofariki, Fuller ndiye aliyepasua maiti na kuutoa ubongo. Aliukata vipande vyembamba mno, akavitia rangi, akaviweka chini ya hadubini. Alitafuta jibu la swali moja: mtu huyu alipokuwa hai alichanganyikiwa, je, kuna kitu ndani ya ubongo kinachoonyesha sababu?

Enzi hizo swali hilo lilikuwa zito. Watu wengi, Ulaya na Marekani kama huku kwetu, waliamini kwamba mwenye wazimu ana pepo, au amelaaniwa, au ni mtu mwenye tabia mbovu tu. Hospitali zilikuwa kama jela. Mtu alifungiwa humo akasahauliwa. Fuller alitaka kujua kama ubongo nao huugua kama ini, kama mapafu, kama figo. Ikiwa ndivyo, basi mgonjwa wa akili ni mgonjwa kama wengine, na anastahili daktari, si mnyororo.

Alijifunza pia kupiga picha za vipande hivyo kwa kutumia hadubini, kazi ambayo wakati huo iliwezwa na wachache sana.

SAFARI YA UJERUMANI

Fuller aliona kwamba elimu aliyo nayo haijamtosha. Wakati huo, aliyetaka kuujua ubongo kikamilifu alikwenda Ujerumani. Mwaka 1904 akachukua likizo ya masomo, akaenda mjini Munich. Hospitali ya huko iliongozwa na daktari maarufu aitwaye Emil Kraepelin, na mkuu wa maabara alikuwa Alois Alzheimer. Wageni wachache tu ndio waliochaguliwa kufanya kazi katika maabara hiyo, na Fuller alikuwa mmoja wao. Huko Ujerumani alikutana pia na Paul Ehrlich, mwanasayansi ambaye baadaye mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel.

Ili tuielewe kazi ya maabara hiyo, lazima tumjue mama mmoja aliyeitwa Auguste Deter. Mama huyu aliletwa hospitalini mjini Frankfurt mwezi Novemba 1901 akiwa na miaka 51 tu. Alikuwa akisahau mambo, akimshuku mumewe bila sababu, akificha vitu na kuzurura nyumbani. Alipoulizwa jina lake alijibu, lakini alipoulizwa la mumewe alikwama. Alzheimer alimchunguza kwa makini, na hata baada ya kuhamia Munich mwaka 1903 hakumsahau. Mama huyo alipofariki tarehe 8 Aprili 1906, ubongo wake ulitumwa Munich. Alzheimer alipoutazama aliona mambo mawili. Kwanza, katikati ya seli za ubongo kulikuwa na madoa ya uchafu mgumu. Pili, ndani ya seli zenyewe kulikuwa na nyuzi zilizosokotana kama uzi uliochezewa na paka. Tarehe 3 Novemba mwaka huo alitoa habari hizo mbele ya madaktari mjini Tübingen. Inasemekana wasikilizaji hawakushughulika nazo sana. Mwaka 1910 Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer, na jina likabaki.

Fuller alikuwa amesharudi Westborough mwaka 1905, kabla ya kifo cha mama huyo. Lakini alirudi na ujuzi wa kutumia chumvi za madini ya fedha kuvitia rangi vipande vya ubongo ili nyuzi zile zionekane. Hakukaa bure. Mwaka 1907 alichapisha uchunguzi wake kuhusu nyuzi za ndani ya seli za ubongo. Alilinganisha ubongo wa wazee waliopotewa na kumbukumbu, wa wagonjwa wa kaswende iliyopanda kichwani, na wa watu waliokunywa pombe kupita kiasi kwa miaka mingi.

Wasomaji wapendwa, hebu tutue hapo. Mzee anayesahau na mlevi wa miaka mingi: hawa wawili, ambao kijijini mmoja huogopwa na mwingine huchekwa, Fuller aliwaweka kwenye meza moja ya maabara. Kwake wote walikuwa watu waliougua kiungo kimoja, yaani ubongo.

Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Clark kilisherehekea miaka 20 tangu kianzishwe. Wageni mashuhuri walialikwa, akiwemo Sigmund Freud kutoka Vienna. Fuller naye alikuwa miongoni mwa wataalamu hao, na katika picha ya ukumbusho iliyopigwa siku hizo anaonekana amesimama pamoja nao.

Kisha mwaka 1912 Fuller alitoa makala ndefu juu ya ugonjwa wa Alzheimer. Alikusanya habari za wagonjwa wote waliokuwa wameandikwa hadi wakati huo, ambao hawakufika kumi na wawili, akaongeza mgonjwa wake mwenyewe, na akaifasiri kwa Kiingereza habari ya yule mama wa Frankfurt. Bila kazi hiyo, madaktari wengi wasiojua Kijerumani wangekaa gizani.

Na si kufasiri tu. Fuller alithubutu kuwa na shaka. Wengi walidhani madoa yale ndiyo kisababishi cha ugonjwa. Yeye alichunguza ubongo wa wazee waliokufa wakiwa na akili timamu, na kumbe, wengine wao pia walikuwa na madoa! Wengine walisema ugonjwa unatokana na mishipa ya damu kukakamaa. Fuller akaonyesha kwamba kuna wagonjwa ambao mishipa yao haikuwa hivyo. Kwa ufupi, alisema tusikimbilie jibu. Shaka hiyo ya kwanza bado iko nasi zaidi ya miaka 100 baadaye. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo lecanemab ambayo huondoa madoa hayo kwenye ubongo. Mgonjwa hapati nafuu kamili. Ugonjwa hupunguza mwendo kidogo tu. Basi ni wazi kuwa madoa ni sehemu ya habari lakini si habari yote.

MKE, NYUMBA NA MAJIRANI

Mwaka 1909 Fuller alimwoa Meta Vaux Warrick, mchongaji sanamu hodari aliyekuwa amesomea sanaa Paris. Walijaliwa wana watatu. Walinunua kiwanja mjini Framingham, karibu na Boston, na majirani waliposikia kwamba familia nyeusi inakuja, walianza kukusanya sahihi ili kuwazuia. Fuller na mkewe hawakugombana na mtu. Walijenga nyumba yao wakaishi humo. Daktari alipenda kulima bustani na kujalidi vitabu kwa mikono yake. Wagonjwa, weusi kwa weupe, walimfuata hapo kutibiwa.

CHUONI BOSTON

Fuller alifundisha Chuo Kikuu cha Boston kwa zaidi ya miaka 30. Kuanzia mwaka 1919 alifundisha juu ya magonjwa ya mishipa ya fahamu. Kwa miaka kadhaa ndiye aliyeiendesha idara hiyo, lakini cheo cha mkuu wa idara hakupewa, na mshahara wake ulikuwa chini ya wa wenzake weupe. Mwaka 1933 Mzungu aliyekuwa chini yake kwa cheo alipandishwa akawa profesa kamili na mkuu wa idara. Fuller akaona sasa imetosha, akastaafu. Mwaka 1937 chuo kilimpa jina la profesa wa heshima. Kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hakusifiwa na tembo lake lilibaki safi.

Jambo jingine alilolifanya linafaa kukumbukwa. Hospitali ya wanajeshi weusi ilipofunguliwa mjini Tuskegee mwaka 1923, Fuller aliwafundisha madaktari weusi waliokwenda kufanya kazi huko. Aliwafunza jinsi ya kuitambua kaswende iliyoingia kwenye ubongo, kwa sababu mara nyingi wagonjwa hao walidhaniwa kuwa ni wendawazimu tu na kunyimwa dawa.

Uzeeni kisukari kilimwandama. Katika miaka ya 1940 akapofuka kabisa. Mtu aliyetumia maisha yake kutazama kwenye hadubini sasa hakuona hata mkono wake. Hata hivyo aliendelea kuwapokea wagonjwa, akiwasikiliza. Alifariki tarehe 16 Januari 1953 akiwa na miaka 80.

MWAKA ULE ULE, NAIROBI

Sasa tuvuke bahari turudi Kenya, maana mwaka 1953 kuna jambo lingine lililotokea ambalo linatuhusu moja kwa moja.

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza aitwaye John Colin Carothers. Alipopewa kazi hiyo hakuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili. Alikuwa daktari wa kawaida aliyekuja Kenya mwaka 1929. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Ndani yake alidai kwamba Mwafrika hutumia sehemu ya mbele ya ubongo kidogo sana. Alikuwa amekwisha kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo ya ubongo kwa upasuaji! Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimtumia kuandika maelezo juu ya Mau Mau. Babu zetu wa Embu na Meru waliokuwa msituni na kambini wakidai ardhi na uhuru walielezwa kana kwamba shida yao ilikuwa ya kichwa, si ya ardhi.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja, Mwafrika aliyeufundisha ulimwengu juu ya ubongo alizikwa bila kelele, na kitabu kinachosema Mwafrika hautumii ubongo wake kikachapishwa kwa heshima zote. Wataalamu wa baadaye walikikosoa vikali kitabu hicho, na leo hakuna daktari wa maana anayekifuata. Lakini kama watu wangeijua habari ya Fuller mapema, ati nani angethubutu kukiandika?

FUNZO KWETU SISI

Huenda mtu akasema: sawa, lakini Liberia ni mbali, Boston ni mbali zaidi, hayo yanatuhusu nini sisi wa huku mlimani? Yanatuhusu sana, na nitataja mambo mawili.

La kwanza ni wazee wetu. Shosho anapika chai akasahau majani. Kesho anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Kesho kutwa anatoka usiku akitafuta nyumba ya mama yake aliyefariki kabla ya uhuru. Majirani wanaanza kunong'ona: amerogwa, au wengine, mbaya zaidi, ati yeye mwenyewe ndiye mchawi. Tusidhani minong'ono kama hiyo ni mchezo. Mwaka 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Huko pwani, Kilifi, wazee wengi nao wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Mtu anayezurura usiku bila kujua aendako anaweza kudhaniwa mchawi kwa urahisi, kumbe ni mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 duniani wana ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza kati ya visababishi vyake. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Hata hivyo mwaka 2024 wataalamu waliochapisha ripoti yao katika jarida la Lancet walihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari. Miongoni mwake ni presha ya damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, kutosikia vizuri, upweke na kukosa elimu utotoni. Walisema kwamba kama mambo hayo yote yangeondolewa, karibu nusu ya wagonjwa wangeepuka ugonjwa huo au ungechelewa kuwapata. Kumbe hata hesabu na insha tunazozilalamikia ni kinga ya ubongo! Na ukimpeleka shosho kupimwa presha, au ukiketi naye jioni mkazungumza badala ya kumwacha peke yake jikoni, unamkinga pia.

Ikumbukwe vilevile kwamba si kila mzee anayesahau ana Alzheimer. Wakati mwingine ni maambukizi, dawa zinazogongana, au upungufu wa vitamini, na hayo hutibika. Ndiyo maana ni lazima apelekwe hospitalini, si kwa mpiga ramli.

La pili ni ulevi na uraibu. Hapa sitazunguka. Mwezi Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa Embu na kaunti nyingine baada ya kunywa pombe iliyotiwa sumu, na wengine wakapofuka. Sumu hiyo, methanoli, huushambulia mshipa unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Hata pombe isiyo na sumu, ikinywewa kwa wingi kila siku, humfanya mtu akose vitamini B1, na bila vitamini hiyo ubongo huharibika kiasi kwamba mtu wa miaka 40 anasahau kama mzee wa 80. Fuller aliutazama ubongo wa watu kama hao miaka mia moja na zaidi iliyopita.

Na miraa je? Najua hapa nimekanyaga mahali pa moto, kwa kuwa karo ya wengi wetu kutoka Igembe na Tigania imetoka kwenye miraa, na ya wenzetu wa Mbeere imetoka kwenye muguka. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, nyumba nyingi za Meru zilipata shida. Sisemi ing'olewe. Ninasema tu kwamba katika majani hayo mabichi mna kemikali iitwayo kathinoni inayouchangamsha ubongo. Ndiyo maana mafungu hufunikwa kwa majani ya migomba na magari ya Maua yakapepea kuelekea Nairobi, maana yakinyauka kemikali hupungua. Mtafunaji hukosa usingizi na hamu ya kula, na akitafuna bila kipimo anaweza kuanza kusikia sauti na kuwashuku watu. Mwanafunzi anayetafuna ili asome usiku kucha anajidanganya, kwa sababu ubongo huyaweka masomo vizuri wakati mtu amelala.

Raibu hajifanyi. Kila akinywa au akitafuna, ubongo wake umezoeshwa kufurahia kitu hicho kuliko chakula, kuliko watoto wake. Mwisho hawezi kuacha hata akitaka. Kumtukana hakumsaidii, na kumfungia chumbani aache ghafla kunaweza kumuua ikiwa ni mlevi wa miaka mingi, kwa maana hupatwa na kifafa. Anahitaji daktari wa kumwachisha polepole, mshauri wa kuzungumza naye, wenzake waliokwisha kuacha, na jamii inayomkubali akirudi. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu. NACADA nayo ina simu isiyolipiwa, nambari 1192.

TAMATI

Leo mjini Boston kuna kituo cha kutibu wagonjwa wa akili kinachoitwa kwa jina la Solomon Carter Fuller, na madaktari wa akili wa Marekani hutoa tuzo kila mwaka kwa jina lake. Heshima imechelewa, lakini imefika.

Mjukuu wa mtumwa alifundisha kwamba ubongo ni kiungo cha mwili, huugua, na mwenye kuugua hachekwi wala hafungwi wala hachomwi. Hakuyasema hayo kwa hotuba. Aliyaonyesha kwenye hadubini, kipande baada ya kipande, akilipwa kidogo kuliko wenzake.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili na shule nzima, likizo inakuja. Tutarudi nyumbani Runyenjes, Siakago, Nkubu, Chuka, Maua na kwingineko. Tutamkuta mzee anayeuliza swali moja mara tano. Tumjibu mara tano. Tutamkuta jirani aliyelala kando ya barabara akinuka chang'aa. Tusimrushie mawe pamoja na watoto wengine. Tumwite mtu mzima amwinue, kisha tuwaambie wa kwao kwamba kuna mahali pa kumpeleka. Na miongoni mwetu, pengine kwenye lile dawati la nyuma kabisa la somo la bayolojia, yuko atakayeendelea pale Fuller alipoachia, kwa sababu jibu bado halijapatikana.